Nilimkabidhi Ufunguo Afisa Utawala

Buti la mwenzangu lilitoboa silingi bodi likaning'inia juu ya kichwa changu, linatetemeka. Mimi nikacheka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote: nilicheka. Mwenzangu alikuwaga mtu wa utani akiwa juu ya dari, nikajua ameteleza kwa makusudi ili vumbi liniangukie machoni. Nikamwambia kwa mtindo wetu wa redio, "Kituo cha juu, hiyo ni mali ya serikali unavunja." Hakujibu. Buti likaendelea kutetemeka, mbio mbio, namna ambayo mtu hawezi kutetemesha mguu kwa kutaka mwenyewe.

Ndipo nikasikia mashine ya kujazia maputo inaunguruma ukumbini. Mashine ile ilikuwa ya umeme. Na umeme wa jengo zima nilikuwa nimeuzima asubuhi kwa mkono wangu.

Nikapanda ngazi. Ilikuwa ngazi ya alumini, ya ofisi, maana ya kwetu ya mbao walikuwa wameichukua watu wa mapambo. Najua unachotaka kuniambia. Hata kuruta wa wiki ya kwanza anajua hupandi chuma kumfuata mtu aliyeshikwa na umeme. Nilijua na mimi. Nikamshika mguu pale suruali ilipopanda juu ya soksi, nikavuta.

Nilizinduka nimelala kwenye korido, mtulinga wa bega umevunjika, vidole viwili vya mkono wa kushoto havifungi mpaka leo ninapoandika. Mwenzangu alikuwa bado juu. Sauti ya kwanza niliyoisikia ilisema, "Fungeni huu mlango, wageni wasipitie huku."

Aliyesema hivyo ni afisa utawala wa ofisi ile.

Majina siandiki. Watoto wao na watoto wetu wanakaa dawati moja, na mtoto hana kosa. Ofisi nayo sitaitaja, ipo katika mkoa wetu wa Mara, na waliomo wanajijua. Lakini vyeo nitaviandika, maana cheo ndicho kilichompa mtu ule ufunguo.

Mimi ni wa Butiama, wa kule vijijini ambako mtoto wa kiume anahesabiwa kwa ng'ombe anaowachunga. Nimesoma darasa la saba, basi. Jeshini nilipelekwa mawasiliano kwa sababu nilikuwa na mgongo mpana: walitaka mtu wa kubeba roli la waya mgongoni. Nikalibeba miaka mingi, nikajifunza kuunga, kupima, kupanda nguzo, mpaka nikawa koplo. Mwenzangu alikuwa wa Nyegina, amemaliza kidato cha nne, sajenti, sauti nzito ya kwaya ya kanisani. Yeye alisomaga vitabu vya redio na baadaye vya kompyuta, mimi napima waya. Tulistaafu mwaka mmoja.

Siku moja akanifuata nyumbani, nimekaa na ndugu zangu tunazungumza mambo ya malisho.

"Mura," akaniambia, kama tunavyoitana wanaume wa kwetu, "waya ni waya. Zamani zilipitisha sauti, sasa zinapitisha mafaili. Serikali inaingiza kompyuta kila ofisi na hawana mtu wa kuzifunga vizuri."

Kaka yangu akasema, "Huyu hajui hata kuwasha hiyo kompyuta."

"Hatawasha. Atavuta waya. Kuwasha nitawasha mimi."

"Nunueni ng'ombe," kaka akasema. "Ng'ombe hahitaji neno la siri."

Tukacheka wote, lakini kesho yake niliondoka naye. Tukapanga chumba Manyamanyama, pale Bunda mjini, tukachora kibao, tukaandikisha kampuni. Fomu za zabuni zilikuwa za Kiingereza cha kutisha. Sajenti alizisoma kwa sauti kama anasoma amri ya siku, mimi nasema "ndiyo" hata pale sikuelewa. Majirani walitutania: wanajeshi wameacha bunduki wamekuja kutibu printa. Tukawaacha.

Kazi ya kwanza ilikuwa Kibara, kuunganisha kompyuta za shule. Tulipomaliza, mwalimu mkuu alizunguka akiangalia zile nyaya ukutani, zimenyooka, zimefungwa kila baada ya shubiri moja. Akasema, "Nyie mnatandika nyaya kama mnatandika kitanda cha kambini." Maneno hayo yakatembea. Ofisi moja inaiambia nyingine: waiteni wale wazee wa jeshi, hawachelewi, hawaibi, hawajibu vibaya. Tukaingia ofisi za Musoma, za Bunda, za Butiama. Nakumbuka raha ya kuvaa fulana yenye jina la kampuni yetu na kusimama langoni, mlinzi anapiga saluti kwa utani, nami namrudishia kwa ukamilifu.

Hawajibu vibaya. Hilo neno nilikuwa nalionaga ni sifa.

Sasa nieleze utaratibu wetu, maana bila huo hutaelewa kosa langu. Mtu akipanda darini kwenye nyaya za umeme za zamani, zilizovuliwa ngozi na panya, aliyebaki chini anazima swichi kuu, anafunga chumba cha umeme, anavaa ufunguo shingoni kwa kamba. Huo ufunguo anaudai mtu mmoja tu: aliye juu, akishashuka, miguu yake yote miwili ikiwa sakafuni. Tulifanyaga hivyo kila mahali. Kibara mwalimu alitaka kuchaji simu, akasubiri. Musoma bosi mmoja alikosa chai, akasubiri. Sajenti akishuka alikuwa ananyoosha kiganja, mimi nauweka ufunguo, anasema "nimepokea." Ndipo umeme unarudi.

Kule jeshini neno hilo ni kama kiapo. Ukikabidhi unasema kwa sauti unachokabidhi, na mwenzako akisema "nimepokea", mzigo umehama. Chochote kitakachotokea ni chake. Kwa miaka yangu yote sijaona mtu akisema "nimepokea" halafu akaenda kuulizwa akakana. Wapo waliofungwa kwa neno hilo, na hawakukana.

Ofisi ile ilitupa kazi ya kuunganisha vyumba vyote na kufunga kabati la mtandao. Kazi ilikwenda vizuri. Siku ya mwisho ilikuwa ndiyo siku ya uzinduzi. Wageni wanatoka juu, zulia limetandikwa, maputo ya rangi za bendera. Tulikuwa tumebakiza waya mmoja tu, wa chumba cha mkuu wa ofisi mwenyewe, ambao ulikataa kusoma. Sajenti akasema ni dakika ishirini. Nikazima, nikafunga, nikavaa ufunguo. Akapanda.

Afisa utawala akaja kwenye korido. Ni kijana, hajafika arobaini, suti yake ilikuwa na alama ya pasi. Afisa tehama alikuwa nyuma yake na faili kwapani.

"Nani amezima umeme?"

"Mimi, mkuu. Kuna mtu darini. Dakika ishirini."

"Ufunguo uko wapi?"

Nikamwonyesha shingoni.

Akacheka, akamgeukia mwenzake. "Angalia. Ufunguo wa serikali umekuwa rozari." Halafu akanirudia, na sauti sasa ilikuwa nyingine. "Mzee, ufunguo wa jengo la serikali haukai shingoni mwa fundi. Wageni wako njiani. Mimi ndiye mwenye dhamana ya jengo hili. Lete."

"Kuna mtu juu, mkuu."

"Nimekusikia. Utakaa kwangu. Lete hapa."

Ni ile sauti. Siwezi kuieleza kwa mtu ambaye hajawahi kulala kambini. Mwili wangu uliisikia kabla ya kichwa. Nilijikuta nimeweka visigino pamoja. Fundi wa mtaani, kijana wa pale stendi ya Bunda, angesema, "Bosi subiri kidogo bwana," angejifanya hasikii, angekwenda kununua soda. Angemwokoa Sajenti kwa utovu wa nidhamu. Mimi nilitoa kamba shingoni, nikasimama mguu sawa, nikasema kwa sauti ambayo korido nzima ilisikia:

"Nakabidhi ufunguo wa chumba cha umeme. Umeme umezimwa. Mtu mmoja juu."

Afisa utawala akapiga saluti ya mzaha, kiganja kimegeuzwa kinyume. "Nimepokea, afande." Afisa tehama akacheka naye. Wakaondoka.

Kutoka darini Sajenti akaniita. "Kituo cha chini, umempa nani ufunguo?"

"Afisa utawala."

"Amepokea?"

"Amepokea."

"Basi," akasema, na nikasikia amerudi kuimba wimbo wake wa misa kwa sauti ya chini.

Watu wawili wazima, miaka yetu ya utumishi ukijumlisha inazidi umri wa yule kijana, na wote wawili tukaridhika na neno hilo. Nalirudia hili kila siku. Simwekei mtu mwingine kosa hilo. Ni langu, na ni la Sajenti kidogo, Mungu amrehemu.

Kilichofuata nimeshakiandika mwanzo.

Alizikwa mimi nikiwa wodini Musoma, mkono umefungwa kifuani. Sikusikia kwaya yake ikimwimbia. Polisi walinihoji kitandani, nikasema yote kama nilivyoyaandika hapa, wakaandika. Wakati huohuo ofisi ile iliunda kamati yake, na kamati ikaandika taarifa kabla mimi sijatoka hospitali. Hakuna aliyekuja kuniuliza kitu. Na wakati matanga hayajaanuliwa, afisa tehama akatumwa Nyegina kwa gari la ofisi, akaisoma taarifa ile uani mbele ya ukoo wote. Walinisimulia baadaye waliokuwepo. Alisoma kwamba ofisi inatoa pole nyingi. Alisoma kwamba mafundi hawakuzingatia taratibu za usalama. Na alisoma mstari mmoja ambao nimeshika kila neno lake: "Ufunguo wa chumba cha umeme ulikuwa mikononi mwa mkandarasi muda wote."

Mkandarasi aliyebaki hai ni mmoja. Kwa hiyo aliyewasha umeme, kwa mujibu wa karatasi ile, ni mimi.

Afisa tehama aliisoma ile sentensi wakati alikuwepo koridoni! Alisikia nikikabidhi. Alicheka. Nilimkuta siku moja stendi, akataka kuvuka barabara, nikamwahi.

"Kijana, ulisikia au hukusikia?"

"Mzee, tafadhali."

"Ulisikia au hukusikia?"

"Nilisikia," akasema akiangalia viatu. "Lakini aliyenipa ile karatasi ndiye anayenijazia fomu ya tathmini. Nina mkopo, mzee. Nina watoto."

"Sajenti alikuwa na wangapi?"

Akavuka.

Mke wa Sajenti nilimfuata mara ya kwanza nilipoweza kupanda gari. Alikuwa anaanika udaga wa muhogo. Hakuniambia karibu. Shemeji yule alikuwaga akiniona tu anaingiza samaki jikoni, hata kama nimekuja kuchukua nyundo. Siku hiyo aliendelea kutandaza udaga wake kwenye turubai.

"Shemeji," akasema hatimaye, "wametusomea kwamba ulikuwa nao shingoni."

"Niliutoa. Nilimkabidhi afisa utawala."

"Kwa nini uliutoa?"

Nimeulizwa maswali mengi katika mkasa huu. Hilo silisahau. Nikamwambia, "Niliamriwa."

"Aliyekuamuru alikuwa nani wako?"

 Hakuwa kamanda wangu. Hakuwa nani wangu. Nilisimama pale, mwanaume mzima, nikamwambia ukweli: "Hakuwa mtu wangu. Nilizoea."

Akakaa chini kwenye kigoda. Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Wewe umekuja umesema lako. Huyo mwingine naye aje. Mimi siwezi kujua nani muongo kati ya mtu aliyesimama mbele yangu na karatasi. Mlete aniambie kwa mdomo wake. Mpaka hapo, shemeji, usinikalie nyumbani."

Nikatoka. Sikumlaumu, na simlaumu.

Basi afisa utawala akaja mwenyewe, lakini hakwenda Nyegina. Alikuja dukani kwetu Manyamanyama, dereva amebeba mfuko wa sukari na mchele.

"Shikamoo, mzee wangu. Bega linaendeleaje?"

"Marahaba. Bega lipo."

"Tumekuja kukupa pole. Na mkuu anakusalimia sana. Kuna kazi kubwa inakuja, ya ofisi zote za kata. Tukatazamana, tukasema, nani tunayemwamini kama wazee wetu wa jeshi?"

Nikamwacha aendelee.

"Ila kamati inaomba usaini kwamba umeisoma taarifa. Kitu kidogo tu."

"Kuisoma au kuikubali?"

"Kwa serikali ni kitu kimoja, mzee."

"Kwangu ni vitu viwili. Nimesoma darasa la saba na ninaviona viwili."

Akavuta kiti karibu. "Mzee wangu, tuongee kama wanaume. Marehemu harudi. Wewe una familia. Mwanajeshi anasonga mbele."

"Ufunguo ulimpa nani?"

"Ufunguo gani tena?"

"Uliosema umepokea."

Akasimama, akajifuta vumbi kwenye suti ingawa hakukuwa na vumbi. "Ule ulikuwa utani, mzee. Hata wewe ulijua ni utani."

Nilimrudishia dereva sukari na mchele, nikavibeba mwenyewe kwa mkono mzima mpaka kwenye gari. Kazi ile ya kata walipewa wengine. Wamepewa na nyingine baada ya hapo. Sasa hivi nikipeleka maombi ofisi yoyote wananiuliza kwa upole, "Wewe si yule wa ile ajali?" Wanataka nifunge duka. Sifungi. Kibao nimekipaka rangi upya, jina la Sajenti limo katika karatasi za kampuni na litabaki humo, na natengeneza kompyuta za stationari na mashine za risiti za maduka ya dawa kwa mkono mmoja na nusu.

Halafu, nilipokuwa nimeshakata tamaa ya kupata shahidi, akaja mwanamke mmoja dukani, mnene, mwenye kitenge kizuri. Akakaa kwenye benchi ya wateja bila kusema shida yake. Wateja wakaisha. Akasema, "Baba, mimi ndiye wa maputo."

Alikuwa mpambaji, wa Musoma mjini. Alitafuta duka letu kwa kuulizia.

"Nilikwenda ofisini kwake nikamwambia mashine yangu haiwaki, hakuna umeme. Alikuwa na simu sikioni. Ufunguo ulikuwa mezani. Akausukuma kwa kidole, hivi, uje kwangu. Akanisontea mlango wa chumba cha umeme. Hakukata hata simu."

"Hakukuambia kuna mtu juu?"

"Baba, angeniambia, ningeyapuliza yale maputo kwa mdomo. Yote. Ningeyapuliza mpaka midomo ipasuke." Akaanza kulia kwa sauti, na mimi sikujua nimfanye nini, nikampa kitambaa cha kufutia vioo vya kompyuta. "Mkono uliowasha ni wangu," akasema. "Nami sikuulizwa na mtu. Wamenilipa mapambo wakaniambia nisije tena."

Huyo ndiye mtu pekee katika jambo hili aliyekuja kwa miguu yake kusema langu ni hili. Aliandika maelezo kurasa mbili, akasaini, akaweka na dole gumba. Mimi nilikwishakuandika yangu. Nakala nimepeleka polisi, nyingine ofisini kwao. Polisi wamesema faili halijafungwa. Ofisini katibu muhtasi alinirudishia bahasha, akasema kamati ilishamaliza kazi na haina mwenyekiti tena.

Basi nasema hapa, palipo na nafasi, kwa mtu ambaye bado anakalia kiti kilekile.

Wewe afisa utawala. Sitaki sukari yako wala zabuni yako. Mimi nilitoa ufunguo mtu akiwa juu, nimelisema kosa hilo kwa mjane, kwa polisi, na sasa kwa kila anayesoma. Mpambaji aliwasha bila kujua, amelisema lake na kuliwekea dole gumba. Umebaki wewe peke yako katikati yetu. Ulichukua ufunguo kwangu, ukaambiwa kuna mtu, ukautoa bila kunyanyua macho. Halafu ukaandika, au ukamwacha mwingine aandike, kwamba haujawahi kufika mkononi mwako.

Barabara ya Nyegina unaijua, ulimtuma kijana wako akaisome ile karatasi kule. Uende wewe. Usitume dereva wala afisa tehama. Simama uani mbele ya shemeji yangu na ukoo ule ule, usome ile taarifa, ukifika kwenye mstari wa ufunguo uukate kwa kalamu wakikuona, uwaambie kwa mdomo wako ulimpa nani na kwa nini hukumwambia kuna mtu darini. Yeye yupo nyumbani kila siku. Amesema anakusubiri. Unakwenda lini?